Maji ya kunywa yabaki baridi Tanga hadi Pangani kwa baiskeli

Mwana wa Chumbageni: Wakuu, shikamooni. Jua la mwezi wa pili mnalijua. Chupa ikikaa saa moja kwenye fremu, maji yanakuwa ya kuogea. Nifanyeje yabaki baridi hadi Pangani?

Fundi Ngamiani: Marahaba. Gandisha nusu tu. Usiku tia maji nusu chupa, funga, ilaze ubavu ndani ya friza. Barafu itashika upande mmoja na njia ya mdomoni itabaki wazi. Asubuhi jazia maji ya baridi. Usigandishe chupa iliyojaa: maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, chupa inapasuka kitakoni. Hata isipopasuka, umebeba jiwe. Kiu imekushika na tone halitoki.

Dada Raskazone: Nyongeza muhimu. Chupa yenye barafu ivishe soksi nene KAVU, au izungushie gazeti na kanga, uitie katikati ya begi. Soksi mbichi ni ya chupa isiyo na barafu: upepo wa mwendo hukausha unyevu na kuondoa joto. Hapa pwani hewa ni nzito kwa unyevu, kwa hiyo inapoza kidogo tu, na ukisimama karibu haipozi. Kwenye barafu, kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi.

Mwana wa Chumbageni: Ahsanteni sana. Na chumvi na sukari nitie lini?

Fundi Ngamiani: Tia asubuhi, kwenye maji ya kujazia, utikise. Ukigandisha nazo, funda za mwanzo zitakuwa kali na za mwisho maji matupu.