Zhangjiajie na mzazi mwenye shida ya magoti: nguzo za Wulingyuan, Tianmen au daraja la kioo?

BintiKariakoo
Habari zenu wakuu, shikamoo kwa wakubwa wote. Naombeni ushauri kwa waliowahi kufika. Mwezi wa sita nakuwa Changsha na mama kwenye yale maonyesho ya biashara ya China na Afrika, mama ndo mwenye duka, mi namsaidia mambo ya lugha na simu, sasa maonyesho yakiisha tunabaki na siku mbili tatu kabla hatujaenda Guangzhou kufunga mzigo na mama kasema wazi safari hii hataki kupelekwa ghala lingine, anataka kuiona ile milima ya nguzo nguzo aliyotumiwa kwenye simu. Nimeanza kusoma nikachanganyikiwa maana wote wanasema Zhangjiajie ila picha hazifanani, mara nguzo za mawe, mara mlima una tundu katikati, mara daraja la kioo. Ni sehemu moja au ni tatu? Na kama ni kuchagua nichague ipi? Mama ana sitini na kidogo, tambarare anatembea vizuri tu ila ngazi za kushuka zinamuumiza magoti. Bajeti ya kawaida.

Mkazi_Changsha
Karibu dada, msalimie mama. Ni sehemu tatu tofauti na kila moja ina tiketi yake, hapo ndo wengi wanapotea.

Zhangjiajie ni jina la mji, na mji wenyewe ulikuwa unaitwa Dayong mpaka 1994, wakabadilisha kufuata jina la ule msitu baada ya msitu kuvuma. Nguzo alizoziona mama ziko ndani ya hifadhi ya Wulingyuan, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Humo ndani ndo kuna msitu wa taifa wa Zhangjiajie, wa kwanza China kupewa hadhi hiyo, mwaka 1982, na 1992 UNESCO wakaiingiza Wulingyuan yote kwenye urithi wa dunia. Nguzo ni zaidi ya 3,000, nyingi zinapita mita 200 kwenda juu.

Mlima wenye tundu ni Tianmen, uko upande wa mjini kabisa, kebo yake (vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya) inaanzia karibu na stesheni ya zamani ya treni. Daraja la kioo liko kwenye korongo kubwa, upande mwingine tena.

Kwa siku mbili tatu mimi nakwambia Wulingyuan peke yake. Tiketi yake ni yuani 220 na kitu (bei zinabadilika, angalia karibu na safari) na inatumika siku nne, mabasi ya ndani ya hifadhi yamo humohumo. Lifti na kebo unalipia pembeni. Lala mji mdogo wa Wulingyuan ulioko getini, usilale Zhangjiajie mjini, maana ukilala mjini kila asubuhi karibu lisaa linaishia barabarani na wenzako wameshapanda.

MsafiriNairobi
Mi nitapinga kidogo. Kwa mzee mwenye magoti ningempeleka Tianmen kwanza. Sikiliza, unapandia kebo pale mjini, inapita juu ya nyumba za watu, mashamba, halafu milima, karibu nusu saa nzima umekaa tu unaangalia, hiyo waya ina urefu wa mita 7,455, ilifunguliwa 2005. Juu kuna njia za kuzunguka ukingo wa mlima, zingine sakafu ya kioo, unavalishwa vifuniko vya viatu. Kushuka mpaka kwenye lile tundu kuna ngazi za umeme zimechimbwa ndani ya mwamba. Zile ngazi 999 za mawe mbele ya tundu halazimishwi mtu, kuna za umeme hapo pia. Halafu unamalizia na basi kwenye ile barabara yenye kona 99. Siku moja imeisha na mama hajachoka.

Na sisi wa Nairobi tunaona Hunan, jimbo lenye Changsha na Zhangjiajie, ni karibu siku hizi, China Southern walianza ndege ya moja kwa moja Nairobi Changsha 2019, kwa hivyo hata wale wa Dar wanaoweza kupitia huku waangalie ratiba.

Mkazi_Changsha
Tianmen ni kuzuri sikatai mkuu. Ila swali la dada lilikuwa nguzo, na Tianmen nguzo hakuna. Ule ni mlima wa chokaa, mmoja mkubwa, na lile tundu lina mita 131 na nusu kwenda juu. Utampeleka mama atafurahi halafu jioni atakuuliza mbona zile za kwenye simu hatujaziona. Alafu siku ya ukungu Tianmen unalipa hela nyingi kuangalia weupe, ukiwa Wulingyuan kukiwa na ukungu juu unashuka bondeni unatembea kando ya kijito na bado unaona kitu.

MwanaIringa
Naomba nichangie upande wa mawe maana ndo fani yangu. Hizo nguzo ni mawe ya mchanga yenye kwatzi nyingi, mchanga uliolala chini ya bahari ya kina kifupi miaka karibu milioni 380 iliyopita ukagandamizwa ukawa mwamba mgumu. Baadae ardhi ikainuka, mwamba ukapasuka nyufa za wima zinazokatana. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakachimba, baridi likija yanaganda na kutanuka yanaupasua mwamba zaidi, na mizizi ya miti nayo inasukuma. Kilichobaki katikati ya nyufa ndo nguzo. Kwa sababu matabaka yenyewe yamelala karibu sawa na ardhi, nguzo zinasimama wima bila kuinama, na ukiangalia kwa karibu utaona mistari ya matabaka kama chapati zilizopangwa.

Kwa aliyefika Isimila hapa kwetu Iringa, kazi ya maji ni ileile, ila zile nguzo za kwetu ni laini na fupi zaidi, na Isimila unasimama chini katikati yake mwenyewe kimya. Nawaomba watu wapite na pale pia.

Na mtu asije akaambiwa Huangshan, ule mlima mwingine maarufu wa China, ni kitu kimoja na huku, Huangshan ni graniti, umbo lingine kabisa. Guilin nayo ni chokaa.

BintiKariakoo
Asante sana MwanaIringa, hiyo ntamsomea mama kama ilivyo. Sasa ndani ya Wulingyuan tunapandaje? Naona kuna lifti, kuna kebo, kuna kwenda kwa miguu. Lifti hiyo mama ameipenda ila mtandaoni watu wanagombana kuhusu foleni.

MamaYiwu
Mwanangu, hapo nakujibu mimi maana nilipita na shoga zangu wa biashara na sisi sote si wasichana tena.

Lifti inaitwa Bailong, imebandikwa kwenye genge, mita 326, inafanya kazi tangu 2002. Chini nusu ya njia uko ndani ya mwamba, giza tu, halafu ghafla unatoka nje kwenye kioo na nguzo zote ziko mbele yako, haifiki hata dakika mbili umeshafika juu, sehemu inaitwa Yuanjiajie. Ni kitu cha kuona, lakini asubuhi vikundi vyote vya watalii wenye bendera vinakimbilia hapohapo. Kwa hiyo sisi tulifanya kinyume, tukaingia geti la Wulingyuan mapema, tukapanda basi la kwenda kebo ya Tianzi, mlima mwingine humohumo hifadhini, tukapanda mlima kwa kebo. Kwenye kebo umekaa chini, unapita katikati ya nguzo taratibu, unaziona zaidi kuliko kwenye lifti, mi naipenda kebo kuliko lifti wala sifichi. Juu Tianzi unatembea njia ya ukingoni, sehemu za kutazama zimefuatana, halafu unapanda basi mpaka Yuanjiajie, huko ndo kuna ile nguzo ndefu iliyopewa jina jipya 2010 kwa ajili ya filamu ya Wamarekani, Avatar, na lile daraja la mwamba la asili linalounganisha vilima viwili. Jioni unashuka na lifti. Mama yako hashuki ngazi hata kidogo za maana.

Angalizo moja, hata juu huko njia si tambarare asilimia mia, kuna ngazi za hapa na pale, Yuanjiajie hasa. Mpe fimbo, zinauzwa getini bei rahisi. Na kuna vijana wanabeba watu kwenye viti vya mianzi, ukiona anachoka, patana bei kabla hajakaa.

Mpagazi_Marangu
Shikamoo MamaYiwu. Hao wabebaji naomba watu wawaheshimu, mimi mgongo wangu unaijua hiyo kazi, ukipatana mlipe yote na kitu juu.

Nikiwa huko mimi nilipanda kwa miguu na nasema kwa mtu mwenye afya lifti inakuibia mlima. Nguzo inabidi uzione kutoka chini kwanza, shingo imeinuka, ndo uelewe mita 200 ni nini. Ukifika juu kwa lifti unaziona vichwa tu kama zimepungua. Kwa hiyo hata kwa mama siku moja mpangie bonde, kuna kijito kinaitwa Jinbian, njia imetengenezwa vizuri ya mawe, inashuka taratibu sana ukianzia geti la msitu, kilomita saba na kitu mpaka mwisho, kivuli chote, maji yanapita pembeni. Hakuna ngazi za kuumiza goti. Akichoka anakaa, mnaendelea. Kwangu mimi hiyo ndo siku nzuri kuliko zote na haina nyongeza ya hela, tiketi yako ya getini inatosha.

Ila tumbili wa huko ni wezi. Mfuko wa plastiki mkononi wanajua ni chakula, wanakurukia. Kila kitu kwenye begi lenye zipu na usiwalishe.

MsafiriNairobi
Hapo kwa kijito nakubaliana na Mpagazi kabisa.

Ustadh_Tanga
Assalaam alaykum. Samahani natoka nje ya mada kidogo, kwa sisi Waislamu chakula kule vipi? Nasikia Hunan ni pilipili na nguruwe.

Mkazi_Changsha
Waalaykum salaam ustadh. Uko sahihi, vyakula vya Watujia, ndo wenyeji wa milima ile, vina nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi karibu kila sufuria, hata mboga inaweza kukaangwa na mafuta yake, kwa hiyo kusema "sili nyama" haitoshi. Tafuta migahawa ya Wahui, Waislamu wa Kichina, ile ya tambi za kuvuta kwa mkono, ina maandishi 清真 (yaani halali) mlangoni, mara nyingi bango la kijani. Zhangjiajie mjini zipo, Wulingyuan getini ni za kutafuta. Ndani ya hifadhi bebeni chakula chenu, karanga, matunda, mayai ya kuchemsha, mikate. Pilipili hata usipoomba ipo.

BintiKariakoo
Sisi pia ni Waislamu, umeniokoa kweli. Na daraja la kioo mbona hamlizungumzii?

MsafiriNairobi
Lile lilifunguliwa Agosti 2016, urefu kama mita 430, bonde liko mita 300 chini yako, na siku 13 baadae wakalifunga kwa sababu watu walikuwa wengi kupita uwezo, likafunguliwa tena mwisho wa Septemba. Kutembea juu yake ni dakika chache. Kisha njia ya kawaida ni kushuka chini ya korongo, na hapo ngazi ni nyingi sana. Kamera kubwa hawaruhusu kupita nayo, simu sawa. Mama mwenye magoti? Achana nalo.

MamaYiwu
Nakazia. Na nguzo pale hakuna.

Mkazi_Changsha
Kuhusu mwezi wa sita sasa, hapo ndo mvua nyingi Hunan, joto na unyevu. Mvua ikinyesha usiku ikakata alfajiri, hapo umepata bahati, mawingu yanakaa katikati ya nguzo na vichwa vinatokeza juu, watu wanasafiri mara kadhaa kuisubiri hiyo. Mvua ikiendelea mchana kutwa juu huoni mkono wako. Ndo maana nasema msipange siku ya juu na siku ya bondeni mkiwa bado Changsha. Fika, amka asubuhi, angalia mlima, uliza mwenye gesti kwa programu ya kutafsiri, ndo uamue. Tiketi ya siku nne inakupa huo uhuru, Tianmen haikupi maana unakata ya siku na saa maalum.

Angalieni pia sikukuu ya mashua za joka, mara nyingi inaangukia mwezi huohuo, siku zake watu wanafurika.

Treni ya kasi Changsha mpaka stesheni ya Zhangjiajie Magharibi ni masaa mawili na kitu, kata mapema kwa pasipoti. Guangzhou nako mnaweza kuunganisha kwa treni bila kurudi Changsha, inakula nusu siku ila hamrudi nyuma.

BintiKariakoo
Basi nimeshaongea na mama hapa. Wulingyuan tu, tunalala getini, kukiwa kweupe tunapanda kwa kebo ya Tianzi na kushuka na lifti, kukiwa na mvua tunaenda kijito cha Jinbian. Tianmen ameniambia ataiangalia kutoka chini tukiwa tunapita mjini. Anauliza tu kama kwenye kebo kuna sehemu ya kukaa kweli au watu wanasimama.

MamaYiwu
Mnakaa mwanangu, vibehewa vidogo, mambo ya kusimama hakuna. Mwambie akae upande wa dirisha linaloangalia mbele wakati wa kupanda. Na pasipoti zenu zikae na nyinyi kila siku, getini wanaziangalia, na punguzo la wazee uliza palepale ukiwa umeshika ya mama.

Mpagazi_Marangu
Na viatu vyenye soli ya kushika, mawe ya kijito yakilowa yanateleza. Safari njema, mama apande salama.