Nimegundua kosa katika makala yetu iliyokwisha kuchapishwa: tusahihishe au tuombe ibatilishwe?

Mchanganuzi (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu.

Miaka miwili iliyopita mimi na wenzangu wawili tulichapisha makala katika jarida la kitaaluma, tukichunguza iwapo wanafunzi wanaosoma kwa vikundi hufaulu zaidi kuliko wanaosoma peke yao. Wiki iliyopita nililifungua tena faili la data kwa ajili ya utafiti mwingine, nikakutana na jambo lililoninyima usingizi. Katika hojaji tulimuuliza mwanafunzi anahudhuria kikundi mara ngapi kwa wiki, na asiyejibu tulimwandikia namba 9. Mimi ndiye niliyechanganua data, na nilisahau kuielekeza programu kwamba 9 hiyo si jibu. Matokeo yake, watu 37 kati ya 412, ambao hawakusema lolote, walihesabiwa kuwa wanahudhuria vikundi mara tisa kwa wiki. Nilipowaondoa, wastani ulishuka kutoka 3.2 hadi 2.6, na ule uhusiano tuliokuwa tumeutangaza kwa kujiamini katika ikisiri ukadhoofika kiasi cha kutotofautishwa na bahati nasibu.

Mwenzangu mmoja anasema tunyamaze, kwa kuwa makala imenukuliwa mara sita tu, na yeye anasubiri kupandishwa cheo. Wa pili anasema alishughulikia mapitio ya maandishi na lugha, hivyo takwimu hazimhusu. Je, maadili ya uchapishaji yanatutaka tufanye nini hasa, na je, ninaweza kumwandikia mhariri bila ridhaa yao?

Mhariri Mstaafu

Ndugu Mchanganuzi, pole kwa usingizi uliokosa. Nimekaa kwenye meza ya uhariri kwa miaka mingi, na barua za namna yako nilizipokea mara chache kuliko zile za watu wanaolalamika juu ya makosa ya wengine.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Masahihisho huchapishwa pale kosa lilipo la kweli lakini hitimisho kuu la makala linabaki limesimama, kwa mfano jedwali lenye tarakimu zilizogeuzwa au jina la taasisi lililokosewa. Kubatilisha makala ni kwa hali ambayo matokeo yenyewe hayaaminiki tena. Miongozo ya Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa na wahariri nchini Uingereza mwaka 1997, inasema wazi kwamba makala inaweza kubatilishwa kwa sababu ya udanganyifu au kwa sababu ya kosa kubwa lililofanywa bila nia mbaya, na kwamba lengo ni kuisafisha kumbukumbu ya kitaaluma wala si kumwadhibu mwandishi. Kwa maelezo yako, kilichoanguka ni hitimisho lenyewe. Sioni jinsi masahihisho ya mistari mitatu yatakavyotosha, ingawa uamuzi ni wa mhariri.

Makala iliyobatilishwa haifutwi. Hubaki pale pale ilipo ikiwa na alama inayoonekana, na tangazo linaloambatana nayo hutakiwa kueleza ni nani anayebatilisha na kwa sababu gani. Hapo ndipo penye kinga yako. Tangazo linalosema kwamba waandishi wenyewe waligundua msimbo wa wasiojibu umehesabiwa kama jibu, wakaliarifu jarida, husomwa tofauti kabisa na tangazo linalosema jarida lilipokea malalamiko na waandishi wakashindwa kutoa data. Kwa hiyo shikilia sababu iandikwe kwa ukamilifu, kwa maana wapo wahariri wanaopenda tangazo fupi lisilosema kitu, na ufupi huo huwaachia wasomaji nafasi ya kudhani mabaya.

Kuhusu ridhaa: jitahidini muandike pamoja, lakini asiyekubali hana kura ya turufu. Mhariri anaweza kubatilisha hata kama mwandishi mmoja anapinga, na tangazo likasema hivyo. Huyo anayedai takwimu hazimhusu, mkumbushe kwa upole kigezo cha nne cha uandishi ambacho wahariri wa majarida ya tiba, kupitia kamati yao ya ICMJE, walikiongeza mwaka 2013 na ambacho majarida ya fani nyingine nayo yamekichukua: kila mwandishi anakubali kuhakikisha kwamba maswali juu ya usahihi wa sehemu yoyote ya kazi yanachunguzwa na kupatiwa majibu. Kama alihariri lugha tu, nafasi yake ilikuwa kwenye shukrani, na hilo ni swali jingine ambalo pengine hatapenda liulizwe.

Msomaji wa Pembeni

Naheshimu ushauri wa Mhariri Mstaafu, lakini tusijifanye kwamba dunia ni ya haki. Kamati ya kupandisha vyeo husoma neno «imebatilishwa» na haifiki kwenye aya ya pili. Nimemwona mtafiti mwaminifu akiulizwa kwenye usaili kana kwamba ameiba. Simwambii muuliza swali anyamaze. Namwambia apate tangazo hilo mkononi, aliambatanishe kwenye wasifu wake, na alitaje yeye kabla hajaulizwa.

Mtakwimu

Kabla ya barua yoyote, mpe mtu mwingine ambaye hakushiriki utafiti ule faili ghafi pamoja na orodha ya misimbo, afanye uchanganuzi upya bila kumwonyesha majibu yako. Mtu aliyeshtuka hukosea mara ya pili kwa urahisi. Kagua pia vigeu vingine vyote, yaani vipengele vingine vilivyopimwa katika data, vilivyotumia 9 au 99, kwani kosa la aina hii ni nadra kuwa peke yake. Faili la awali usiliguse hata kidogo. Fanyia kazi nakala.

Nakubaliana na Ndugu Msomaji kuhusu kamati, ila ipo mifano inayosaidia kuwajibu. Mnamo Januari 2020, Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018, alitangaza hadharani kwamba makala yake ya 2019 katika jarida la Science inabatilishwa kwa kuwa matokeo hayakuweza kurudiwa na baadhi ya data ghafi haikuwepo katika daftari la maabara. Aliomba radhi na kukiri kwamba hakuisimamia kazi hiyo ipasavyo. Hakuna aliyemwita mwizi. Linganisha na Juni 2020, pale waandishi watatu kati ya wanne wa makala ya jarida la tiba la Lancet kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19, walipoomba ibatilishwe baada ya kampuni iliyomiliki data kukataa kuwapa wahakiki huru data kamili. Huko hakukuwa na mtu wa kufungua faili kama ulivyofanya wewe.

Mchanganuzi

Nawashukuru nyote. Mwenzangu wa idara ya jirani amerudia hesabu na kupata tarakimu zile zile, na amegundua kigeu kingine kimoja chenye msimbo wa 9, ambacho kwa bahati hakikuingia katika makala. Mwandishi mwenza wa pili amekubali kutia saini. Wa kwanza bado, nimempa wiki moja.

Nimeshaandika rasimu ya barua, na sentensi ya pili inasomeka: «Kosa lilifanywa wakati wa uchanganuzi.» Je, inatosha?

Mhariri Mstaafu

Haitoshi. Andika nani alilifanya, katika kigeu kipi, liliwagusa washiriki wangapi, na Jedwali lipi limebadilika. Ambatanisha majedwali yote mawili, la zamani na jipya. Kisha waandikie wale sita waliowanukuu. Barua fupi tu, siku ile ile tangazo litakapotoka.