Narudi nyumbani Septemba, nataka kuingia kwenye mambo ya sera: nianzie wapi?

Kutoka: Binti wa Leicester

Wazee wangu, kaka na dada, hamjambo.

Mlinisaidia sana wakati ule wa amana ya nyumba. Leo nimerudi na swali ambalo halina fomu ya kujaza.

Septemba namaliza shahada ya uzamili ya sera za umma. Nimesomeshwa na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, na sharti lao mnalijua: ukimaliza unarudi kwenu kwa miaka miwili. Sina neno na hilo, kurudi Kenya nataka. Nina miaka 27. Kinachonichosha ni kwamba kila ninayemwambia nataka kufanya kazi ya sera na utawala bora ananitumia tangazo la programu ya viongozi vijana. Nimeshahudhuria makongamano matatu. Nina vitambulisho vitatu vya kuning'iniza shingoni na picha nyingi mbele ya mabango, na zahanati ya wadi yetu bado haina paa.

Juu ya hayo, kaka yangu ananisukuma nigombee uwakilishi wadi, yaani kiti cha bunge la kaunti, Agosti 2027. Anaapa kwamba watu wa huku Uingereza mtachanga. Naomba mniambie ukweli: nifanye nini cha maana nikiwa bado huku, na je, chama chetu cha Wakenya wa huku kinaweza kunichangia kweli?

*

Kutoka: Mzee wa Bristol

Mwanangu, nianze na la mchango kabla watu hawajatoa simu. Chama chetu kimesajiliwa kama shirika la hisani. Kwa sheria ya England na Wales, shirika la hisani haliruhusiwi kuunga mkono chama cha siasa wala mgombea, awe wa hapa au wa Kenya. Tukitoa hata senti moja kwenye akaunti ya chama, sisi wadhamini ndio tutakaoandika barua za maelezo. Mtu akitaka kukuchangia, atoe mfukoni mwake. Na mimi nakushauri usiombe sasa.

La pili ni pasipoti. Wewe hujakaa muda wa kutosha kuomba uraia wa hapa, lakini wapo vijana wengine wanaotusoma kimyakimya. Ibara ya 78 ya Katiba ya 2010 inasema afisa wa serikali hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Hapo "afisa wa serikali" si karani wa wizara. Katiba imewataja: rais, gavana, mbunge, seneta, hata mwakilishi wadi yumo. Kazi ya kawaida ya utumishi wa umma, kama uchambuzi wa sera wizarani, haimo kwenye katazo hilo. Kwa hiyo anayeota kugombea afikirie kabla ya kula kiapo kwa Mfalme, si baada. Na aliyekwisha kuchukua uraia wa pili asisahau kwamba sheria ya Kenya inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu. Wengi wetu tulifanya hivyo tumechelewa, wengine hawajafanya mpaka leo, na leo sitaji mtu.

La tatu nitaliuliza kwa upole. Wewe unayesomea sera za umma, umejiandikisha kupiga kura hapo Leicester?

*

Kutoka: Binti wa Leicester

Shikamoo Mzee. Kura ya huku? Mimi si niko na viza ya mwanafunzi?

*

Kutoka: Mzee wa Bristol

Marahaba. Nilijua tu.

Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura hapa, ya halmashauri na ya bunge, hata akiwa na viza ya mwanafunzi. Mtanzania hivyo hivyo, Mganda hivyo hivyo, na Mnyarwanda pia tangu 2009 walipojiunga. Unajiandikisha mtandaoni kwa dakika tano. Siku ya kura England siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya inakubaliwa. Faida ya pembeni: jina likiwa kwenye rejista ya wapiga kura, kampuni za simu na benki hazikusumbui sana wakikagua rekodi yako ya mikopo.

Lakini nilichotaka kukuonyesha si kura peke yake. Kila kiangazi, kwa siku 30 za kazi, halmashauri za England hulazimika kufungua vitabu vyao vya hesabu. Mpiga kura wa eneo anaweza kukagua ankara na mikataba, na kumuuliza mkaguzi wa nje maswali. Mimi nilienda mara moja kwa sababu ya mkataba wa taka. Nilikaa kwenye chumba kidogo na faili, na binti mmoja wa ofisi akaniletea chai. Sikupata ufisadi wowote. Nilichopata ni kujua ankara inafananaje na mkataba, na hilo ndilo nililolihitaji siku nilipoanza kusoma hesabu za kaunti yetu. Jifunze hapa ambapo hakuna anayekujua.

*

Kutoka: Jirani wa Glasgow

Kwa ruhusa ya Wakenya, Mtanzania naingia. Kwetu nyinyi mnachoita wadi ni kata, na mwakilishi wadi ni diwani, kwa hiyo msituchanganye.

Nyongeza mbili. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hiyo England hawana kura. Huku Scotland ni tofauti: tangu 2020 mgeni yeyote mwenye kibali cha kukaa anaweza kupiga kura ya halmashauri na ya Bunge la Scotland. Wales nao wana utaratibu wa namna hiyo. Jirani yangu wa Goma alipiga kura yake ya kwanza maishani hapa Glasgow, akiwa na miaka 41.

Pili, kijana Mtanzania asifuate ushauri wa pasipoti wa Mzee kama ulivyo. Sisi hatuna uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua wa hapa, wa nyumbani umekwenda, na ugombea umekwenda nao. Kura ya kutoka nje pia hatuna. Nyinyi angalau mna kituo pale London tangu 2022, ingawa ni cha urais tu. Tulichonacho ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa taasisi siku 30 kukujibu. Naona hata kwetu haijatumika inavyostahili.

*

Kutoka: Mama wa Leeds

Binti, salaam. Mimi si mtaalamu. Ni muuguzi wa zamu za usiku, na haya nimejifunza kwa simu ndani ya basi la alfajiri.

Kwetu kuna barabara ya kushuka mtoni. Bajeti ya kaunti iliitengea pesa miaka miwili mfululizo. Mama yangu anaipita kila wiki, akaniambia hajaona hata kokoto. Nikaandika barua kwa kaunti, sitaitaja, nikitumia Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Barua ya kwanza niliomba "maelezo yote kuhusu barabara za wadi yetu". Kimya. Na nilistahili, maana swali kama hilo hata mimi ningelitupa chini ya rundo.

Ya pili niliomba karatasi tatu kwa majina: mkataba, vocha za malipo, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Niliiandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na kuomba hakulipiwi, unalipia nakala tu. Wana siku 21. Siku zilipopita nikapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Baadaye likaja jibu: pesa zote zililipwa kwa "usanifu na upimaji". Miaka miwili ya kupima barabara ambayo mbuzi anaimaliza kwa robo saa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kabla ya jibu hilo kunifikia, watu wawili walimtembelea mama yangu. Walikuwa wapole, walikunywa chai, wakauliza habari za binti yake aliye Uingereza na kama ana tatizo na mtu. Mama alinipigia akiuliza nimekosana na nani. Mimi nilikuwa salama hapa Leeds, nimejifunika duveti. Barua yangu ilitua sebuleni kwake. Tangu siku hiyo siandiki kabla ya kuzungumza na walio kule, na siandiki peke yangu. Sasa tuko tisa, watano wanaishi wadini, na barua inakwenda na majina yote tisa. Hakuna tena aliyetembelewa.

Jambo jingine ni kalenda. Wengi huamka Mei, makadirio ya bajeti yakiwa yamekwisha kupelekwa bunge la kaunti tangu Aprili 30. Hapo unaitwa ukumbini, unapewa soda na karatasi ya kusaini kwamba umeshirikishwa. Mradi unazaliwa mapema zaidi: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na viwango vya matumizi hupangwa kwenye waraka wa sera ya fedha unaopelekwa kufikia Februari 28. Zahanati yako ikikosekana kwenye mpango wa Septemba, Mei utakuwa unamlilia maiti. Soma pia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka na zinaonyesha kaunti ilitumia nini hasa, si ilichoahidi.

*

Kutoka: Kijana wa Reading

Kwa heshima zote Mama, majina tisa, karatasi tatu, tume, siku 21. Vijana wamechoka na mambo ya barua. Juni 2024 Mswada wa Fedha haukuondolewa na memoranda, yale maoni ya maandishi. Wabunge 195 waliupitisha tarehe 25 huku maoni ya wananchi yakiwa kwenye makabrasha. Siku ya pili yake rais akakataa kuutia saini, na sote tunajua ni kwa sababu ya maandamano.

*

Kutoka: Mama wa Leeds

Mwanangu, sikubishii kuhusu tarehe 26. Mpwa wangu alikuwa barabarani. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa kwenye maandamano yale kuwa si chini ya 60, kwa hiyo nisingependa tuyazungumze kama mechi tuliyoshinda.

Lakini kumbuka wiki zilizotangulia. Vijana waliusoma ule mswada kifungu kwa kifungu. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwenye video za dakika moja ushuru wa magari wa asilimia 2.5 na kodi ya mkate ya asilimia 16 vitamgusa nani. Mkate uliondolewa tarehe 18, kabla Bunge halijavamiwa. Waliotoka walijua wanakataa kifungu gani. Halafu Desemba mwaka huohuo, baadhi ya yaliyokataliwa yakarudi ndani ya sheria nyingine ya kodi, na barabara zilikuwa tupu. Mswada ule ulipokuja kwa maoni, wewe ulituma? Mimi nilituma, kurasa mbili. Tulikuwa wachache mno.

*

Kutoka: Kijana wa Reading

Sikutuma. Sikujua hata kama ulikuwepo.

*

Kutoka: Mzee wa Bristol

Kidogo kuhusu hizo programu za viongozi, maana binti amezisema vibaya na mimi sizichukii zote. Ile ya Marekani yenye jina la Mandela ilianza 2014 na vijana 500, na ilikuwa na mkondo mzima wa utumishi wa umma. Nimewaona waliotoka huko wakirudi kwenye dawati lilelile la kaunti na kufanya kazi nzuri. Ila masharti yake yalimtaka mwombaji awe anaishi Afrika wakati wa kuomba. Ukiwa hapa Leicester usipoteze wikendi kwenye ile fomu.

Ninachouliza kabla ya kumpa kijana barua ya mapendekezo ni kimoja: ukirudi, kuna nani atakayekuuliza umefanya nini? Kama jibu ni waandaaji tu, sisaini.

*

Kutoka: Binti wa Leicester

Wazee, kaka na dada, narudi baada ya wiki saba.

Nimejiandikisha kupiga kura. Kaka yangu nimemwambia 2027 sigombei, hajanipigia simu tangu siku hiyo, mama anasema yatapita. Nimefanya kama Mama wa Leeds alivyosema: kwanza niliongea na mwalimu wetu wa zamani, muuguzi wa zahanati na vijana wanne wa bodaboda, kisha tukaandika pamoja. Muuguzi aliomba jina lake lisiwepo, tukaliondoa. Tuliomba karatasi tatu za zahanati.

Siku 21 zilipita, tukakumbusha, siku ya 34 zikaja karatasi mbili. Mkataba upo. Cheti cha kukamilika hakipo, na barua haisemi kwa nini. Ya pili ni makadirio ya vifaa na gharama, kurasa kumi na moja, imepigwa picha mshazari, na ukurasa wa paa umekatwa nusu. Inaonekana paa lilihesabiwa mara mbili, mara ya kwanza chini ya "seremala" na tena chini ya "umaliziaji", lakini huenda ni mimi nisiyejua kusoma jedwali la ujenzi.

Kuna mhandisi au mkadiriaji majengo humu anayeweza kunipa nusu saa Jumamosi? Majina na nambari za simu nimezifunika tayari. Mpango wa Septemba 1 unaandaliwa sasa, na mwalimu anataka twende ofisini tukiwa na hakika.