Kutia kitambaa rangi ya chai: mabaka yanatoka wapi?

Swali: Wakuu, kitambaa cheupe cha pamba, gramu 200, nimekitia kwenye chai kikatoka na mabaka. Niongeze chumvi?

Jibu 1: Chumvi haisaidii hapo. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na rangi haipenyi sawasawa. Kichemshe na sabuni nusu saa, suuza, kiingie kwenye rangi kikiwa kimelowa. Majani ya chai gramu 40, maji lita 4, chemsha dakika 15, kisha CHUJA. Majani yakigusa kitambaa yanaacha madoa. Moto mdogo saa moja, ukigeuza kila mara. Sufuria iwe kubwa, kitambaa kizame chote na kigeuke bila kubanwa. Kikikauka rangi hupungua, kwa hiyo kitoe kikiwa kimekolea kuliko unavyotaka.

Jibu 2: Sufuria ya chuma iepuke, chai inageuka kijivu. Na hakikisha ni pamba kweli, polyesta haishiki.

Muuliza swali: Na bizari ya manjano je?

Jibu 1: Inashika haraka, ila jua huififisha na sabuni kali huigeuza nyekundu. Bora maganda ya vitunguu, kitambaa ukikichemsha kwanza na shabu (chumvi ya madini inayoshikisha rangi) gramu 30.