Tope la Hanang, mafuriko ya Msimbazi: ni asili au ni mikono yetu?

Mtaka_Kujua: Wakuu habari za mchana. Jana msibani kulizuka ubishi, mzee mmoja kasema majanga yote ni asili tu, akatoa mfano wa Katesh, ule mji wa Hanang uliofunikwa na tope la mlimani tarehe 3 Desemba 2023, eti pale nani aliupasua mlima? Kijana akambishia ni sisi tunaokata miti. Mi nilikosa jibu ila jambo limenikaa kichwani. Nyie mnaonaje?

Wa_Manyara: Kwa Hanang mzee hajakosea sana. Wataalamu walisema sehemu ya mlima ina miamba laini, ikanyonya maji ya mvua mpaka ikazidiwa ikameguka. Nilifika siku ya nne, kuna duka tope limegota kwenye kitasa cha mlango na gogo zima na mizizi yake limelala juu ya kaunta, sitasahau. Ila mji wenyewe uko miguuni mwa mlima, maji yakishuka yanapita hapohapo, walikufa watu zaidi ya 80. Lingeshukia porini leo tusingekuwa tunaliongelea.

Bondeni2011: Mto Msimbazi wa hapa Dar hapana, ile ni sisi. Huko juu Pugu na Kisarawe miti imekwisha kwa mkaa na viwanja, udongo wote unakuja kujaa Jangwani, ongeza taka, mto hauna kina tena sasa mvua ikija iende wapi? Desemba 2011 nilikuwa nimepanga kule bondeni, tulilala juu ya bati na watoto wa mwenye nyumba mpaka kukakucha. Watu wakapelekwa Mabwepande, mbali kule nje ya mji, baadhi nikawaona wameuza viwanja wamerudi na siwalaumu hata kidogo, riziki yao iko Kariakoo na nauli ya kila siku wataitoa wapi.

Mhaya_wa_Mjini: Tetemeko la Bukoba 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, hilo hakuna binadamu alolileta. Lakini nyumba ya bibi yangu ya matope ilikaa chini yote, ya jirani ya tofali yenye linta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha, ikapata ufa tu. Ardhi ilotikisika ni ileile jamani.

Mtaka_Kujua: Na elinino je? Si ndo ilileta mvua za 2023?

Wa_Manyara: Elinino yenyewe ni ya asili mkuu, ni maji ya bahari ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida, na ilikuwepo kabla ya viwanda. Ila dunia imepata joto kwa moshi wetu, na kila digrii moja ikipanda hewa inabeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka inashuka kweli kweli. Na waliotoa moshi mwingi sio watu wa Katesh, hilo linaniuma sana.

Mtaka_Kujua: Asanteni sana, arobaini ikifika namtafuta yule mzee tukae. Mkuu wa Bukoba, mi ndo naanza kujenga vyumba vitatu, linta inakula nondo ngapi? Fundi wangu anasema niiruke nibane hela.

Mhaya_wa_Mjini: Usiiruke ndugu yangu. Nicheki inbox leo jioni.