Kwani ilikuwa lazima atangaze?

Swali

Kila mtu maarufu anapojitokeza na kusema kwamba anapenda watu wa jinsia yake, mimi husoma maoni ya watu hadi mwisho. Matusi siyashangai tena, na pongezi nazielewa. Linalonitatiza ni swali linaloulizwa na watu wapole, wasiomtakia mtu mabaya: "Hayo ni mambo yake ya chumbani, kwani ilikuwa lazima atangaze?" Mimi mwenyewe nimewahi kuliandika, na sasa nina shaka kama nilitenda haki. Wenzangu mnalionaje?

Jibu la kwanza

Ndugu, hata mimi nilikuwa na mawazo hayo, hadi nilipofanya kazi na mtu aliyekuwa akijificha. Kwa miaka minne alimtaja mpenzi wake kwa neno "mwenzangu", na kwa kuwa "yeye" ya Kiswahili haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, hakuna aliyegutuka. Siku mwenzake alipolazwa, aliomba ruhusa kwa kusema kwamba binamu yake anaumwa, akapewa saa mbili, akarudi macho yamemwiva, nasi tukaendelea kumtania kwamba ataoa lini. Sisi wengine tulivaa pete na kuweka picha za harusi mezani, wala hatukuambiwa kwamba tunatangaza mambo ya chumbani.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe, ila tusisahau gharama yake. Justin Fashanu alipojitokeza mwaka 1990 akiwa mwanasoka wa kulipwa Uingereza, hata ndugu yake wa damu alimkana hadharani. Ilipita miaka 32 kabla ya mwanasoka mwingine wa kiume wa kulipwa nchini humo, Jake Daniels wa Blackpool, kusema hivyo akiwa bado anacheza. Alikuwa na umri wa miaka 17. Josh Cavallo wa Australia naye alipongezwa dunia nzima mwezi Oktoba 2021, lakini Januari iliyofuata alizomewa na kutukanwa na mashabiki uwanjani kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mimi huangalia zaidi nani amebaki naye baada ya kelele kutulia.

Jibu la tatu

Imani yangu hainiruhusu kuliunga mkono jambo hili, na sitajifanya vinginevyo. Hata hivyo, imani hiyo hiyo inanikataza kumdhalilisha mtu, na ninachukizwa zaidi na wanaofichua siri za wengine kuliko na anayesema yake kwa kinywa chake.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimerudi kulifuta lile swali langu la zamani, na chini yake nimekuta maneno ya mpwa wangu ambayo sikuwahi kuyatilia maanani: "Sawa, Mjomba, nimekuelewa." Tangu wakati huo hajawahi kuja kwangu. Jioni hii nitampigia simu.