Gumzo la ukoo: sauti ya Mufasa

Neema: Shikamooni. Ati James Earl Jones, yule mwigizaji Mmarekani wa sauti ya Mufasa, simba mfalme wa filamu ya *The Lion King*, alikuwa na kigugumizi?

Mjomba Salim: Marahaba mama. Kweli kabisa. Alizaliwa Arkabutla, Mississippi, 17 Januari 1931, akalelewa Michigan na babu na bibi yake mzaa mama. Kwa miaka kama 8 alikuwa karibu bubu shuleni.

Shangazi Rehema: Aliyemfungua ni mwalimu wake, Donald Crouch. Kijana alitunga shairi la balungi kwa mapigo ya Longfellow, mshairi wa Marekani. Mwalimu akataka athibitishe ni lake kwa kulighani kwa kichwa mbele ya darasa. Akaghani bila kukwama!

Juma: Shangazi, mbona shairi lipite na maongezi yakwame?

Mjomba Salim: Mapigo, Juma. Mshororo wa aina ile una silabi 8, sawa na kipande kimoja cha shairi letu la mizani 16. Ulimi unajua neno linaangukia wapi na pumzi inavutwa wapi. Kwenye maongezi kila neno unalitafuta papo hapo, ndipo linaponasa.

Neema: Kwa hiyo alipona?

Shangazi Rehema: Hakupona, aliishi nacho. Mwenyewe alisema hivyo hata uzeeni. Ndiyo maana namheshimu sana.

Juma: Nikitaka sauti nzito kama yake nikaze koo?

Mjomba Salim: Usithubutu! Ukiishusha kwa koo inakwaruza na kukauka. Vuta pumzi chini, tumbo lijae, mabega yatulie. Weka alama ya pumzi mwisho wa kila mshororo, soma polepole, malizia irabu zote. Wengi huishiwa pumzi mwishoni, neno la maana likafa.

Neema: Na Darth Vader, yule mwovu wa barakoa nyeusi wa *Star Wars*?

Mjomba Salim: Mwilini ni David Prowse. Jones alitia sauti tu, 1977, kwa dola 7,000. Aliambiwa asipandishe wala kushusha hisia, na kwa mwigizaji wa jukwaani hiyo ni kazi ngumu. Ile mihemo si yake, ni ya Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu hiyo, alirekodi kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi.

Shangazi Rehema: Msimkumbuke kwa sauti peke yake jamani. Jukwaa ndilo lililomjenga. Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, aliingia 1957 kama mwigizaji wa akiba. 1958 akapata nafasi ndogo ya mtumishi ndani ya Cort Theatre, na 2022 jengo hilohilo likapewa jina lake! Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, ya kwanza 1969, kama bondia wa igizo la *The Great White Hope*. Ya pili 1987, kama baba wa igizo la *Fences*. Oscar ya heshima 2011.

Juma: Nianze na ipi?

Shangazi Rehema: *The Great White Hope*, filamu ya 1970, iliyompeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Alinyoa kichwa kwa ajili ya nafasi ile. Mtazame mabega na miguu kabla hajafungua mdomo. Kisha linganisha Mufasa wa 1994 na wa 2019, wote ni yeye. Ya pili ilitoka ana miaka 88, akafariki 9 Septemba 2024.

Neema: Naipakua leo, Shangazi. Mjomba, asante 🙏🏾